Soko huria na mshahara wa dada mshonaji: kweli au si kweli?

Msomaji, maneno haya huyakosi. Utayasikia kwenye daladala na matatu, kwenye hotuba za mawaziri, na redioni kila panapotajwa mkataba mpya wa biashara. Mmoja atakwambia kuwa milango ya biashara ikifunguliwa akina mama watanufaika bila shaka. Mwingine atajibu kwamba viwanda vya nguo ni utumwa mamboleo. Wa tatu ataibebesha mitumba lawama zote. Kila mmoja anasema kwa uhakika, na kila mmoja ana jirani au mpwa wa kumtolea mfano.

Bahati nzuri, jambo hili limechunguzwa kwa kina. Kwa miongo kadhaa wachumi wamefuatilia mishahara ya washonaji kuanzia Dhaka hadi Maseru, na mengi waliyoyakuta yanatuhusu moja kwa moja. Kuanzia mwaka 2000, sheria ya Marekani iitwayo AGOA iliziruhusu nguo zilizoshonwa Kenya, Tanzania, Lesotho, Madagaska na nchi nyingine za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kisha tarehe 1 Januari 2005 ukafutwa duniani kote mfumo wa migao, ule uliokuwa ukizipangia nchi maskini kiasi cha nguo zinachoweza kuuza katika nchi tajiri. Huko ndiko kulegeza biashara: kupunguza ushuru, kuondoa migao, bidhaa zivuke mipaka kwa wepesi.

Je, dada aliyekaa nyuma ya cherehani alipata nini? Tuyapime madai tisa. Uamuzi kwanza, sababu baadaye.

1. "Soko la nje likifunguka, viwanda vya nguo huajiri wanawake wengi."

Uamuzi: KWELI.

Hapa mashabiki wa soko huria wamesema sawa, na tuwape haki yao. Nchini Kenya, kabla ya AGOA, viwanda vya nguo katika maeneo maalumu ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje, yanayojulikana kama EPZ, vilikuwa na wafanyakazi elfu chache tu. Kufikia mwaka 2003 walikuwa wamezidi 30,000, wengi wao wanawake, hasa katika ukanda wa Athi River, Nairobi na Mombasa. Lesotho, nchi yenye watu takriban milioni 2, ilifikisha wafanyakazi zaidi ya 50,000 wa viwanda vya nguo mwaka 2004. Bangladesh, ambayo miaka ya 1970 haikuwa na sekta ya nguo ya kutajwa, leo ina washonaji wapatao milioni 4.

Sababu haina fumbo. Ushuru wa kawaida wa Marekani kwa nguo ni mkubwa: suruali ya pamba hutozwa karibu asilimia 17, na baadhi ya sweta za nyuzi za viwandani hufika asilimia 32. Nchi ikisamehewa mzigo huo, wanunuzi huhamishia oda zao huko. Na ushonaji ni kazi isiyokubali kwa urahisi kufanywa na mashine peke yake, maana kitambaa hulegea, hujikunja na huteleza. Oda zikiongezeka, cherehani huongezeka, na kila cherehani inahitaji mtu.

Kwa hiyo ajira zipo. Swali linabaki kuwa zinalipa nini.

2. "Biashara ikikua, mshahara wa mwanamke hupanda wenyewe."

Uamuzi: SI KWELI.

Ushahidi mzito uko Bangladesh. Mwaka 1994 kima cha chini cha mshahara wa mshonaji kiliwekwa kuwa taka 930 kwa mwezi. Miaka iliyofuata mauzo ya nguo nje ya nchi yaliongezeka mno. Kima cha chini je? Hakikuguswa mpaka mwaka 2006, kilipopandishwa hadi taka 1,662 na nusu. Miaka 12 mizima viwanda vilikua, bei za vyakula zikapanda, mshahara wa kisheria ukasimama pale pale. Mwenye kungoja soko limwongezee alingoja bure.

Nyongeza zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi, lakini tazama zilivyopatikana. Taka 3,000 za mwaka 2010 zilikuja baada ya maandamano. Taka 5,300 zilikuja mwishoni mwa 2013, mwaka ambao jengo la Rana Plaza liliporomoka tarehe 24 Aprili na kuua watu 1,134. Taka 12,500 za Desemba 2023 zilikuja baada ya migomo na damu kumwagika barabarani, na bado zilikuwa karibu nusu ya taka 23,000 ambazo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikidai.

Ethiopia inatupa funzo la aina hiyo hiyo. Eneo la viwanda la Hawassa lilizinduliwa mwaka 2016 kwa matumaini makubwa, na majina maarufu ya mavazi duniani yakaja. Nchi haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walikuta mshahara wa kuanzia ni dola 26 kwa mwezi, wa chini kuliko nchi zote walizozilinganisha.

Na ule ushuru uliosamehewa, nani alikula faida yake? Wachumi Marcelo Olarreaga na Çağlar Özden walilifuatilia swali hilo kwa nguo zilizouzwa chini ya AGOA. Walikuta kwamba kwa wastani muuzaji wa Afrika alibaki na takriban theluthi moja ya nafuu hiyo, na nchi ndogo na maskini zaidi zikapata pungufu ya hapo. Sehemu kubwa ilibaki upande wa mnunuzi. Ikiwa mwenye kiwanda mwenyewe amepata theluthi, fikiria kilichomfikia mshonaji.

3. "Viwanda hivi ni utumwa mtupu, afadhali vifungwe."

Uamuzi: SI KWELI, ingawa hasira iliyo nyuma ya dai hili ina haki.

Anza na yale wanayoyapata wasichana. Rachel Heath na Mushfiq Mobarak walilinganisha vijiji vya Bangladesh vilivyo karibu na viwanda vya nguo na vile vilivyo mbali. Wasichana waliokulia karibu na viwanda walikaa shuleni muda mrefu zaidi, waliolewa wakiwa wakubwa zaidi, na walichelewa kupata mtoto wa kwanza. Wazazi walianza kuona kwamba binti anayejua kusoma na kuhesabu ana kazi inayomngoja. Mabadiliko hayo hayaonekani kwenye karatasi ya mshahara, lakini yanabadilisha maisha.

Pili, tazama kinachotokea viwanda vinapofungwa kweli. Madagaska ilipoteza nafasi yake katika AGOA mwanzoni mwa 2010, baada ya serikali kupinduliwa. Maelfu ya wanawake wa Antananarivo walipoteza kazi, na wengi wakaishia kwenye vibarua na biashara ndogo zenye kipato cha chini kuliko kile cha kiwandani. Anayewatakia heri kwa kutaka kiwanda kifungwe hawasaidii.

Lakini wanaosifu viwanda hivi kupita kiasi nao wasikilize. Chris Blattman na Stefan Dercon walifanya jaribio nchini Ethiopia. Watu karibu 1,000, wengi wao wanawake, walikuwa wameomba kazi katika viwanda vitano vya aina mbalimbali. Kwa kura, baadhi walipewa kazi, wengine walipewa mafunzo na mtaji wa takriban dola 300, wengine hawakupewa kitu. Ndani ya mwaka mmoja zaidi ya robo tatu ya waliopewa kazi ya kiwandani walikuwa wameiacha. Kipato chao hakikuwazidi wale ambao hawakupewa kitu, na matatizo makubwa ya afya yaliongezeka karibu maradufu. Waliopewa mtaji, kipato chao kilikuwa kimepanda kwa theluthi moja mwaka huo wa kwanza, ingawa faida hiyo haikudumu miaka mingi.

Ukiziweka habari hizi pamoja, jambo moja linajitokeza. Kazi ya kiwandani humfaa mwanamke pale inapomzidishia kuliko njia nyingine alizonazo, na pale inapomlinda asiumie. Masharti hayo yanaweza kudaiwa. Kufunga kiwanda hakuyaleti.

4. "Ushindani wa biashara huondoa ubaguzi: mwanamke atalipwa sawa na mwanamume."

Uamuzi: NUSU KWELI.

Hoja hii ina asili yenye heshima. Mwaka 1957 mchumi wa Marekani Gary Becker alieleza kwamba ubaguzi ni anasa ya mwajiri: anayewalipa wanaume zaidi kwa kazi ile ile anatupa fedha. Ushindani ukimbana, hawezi tena kuimudu anasa hiyo, na pengo litafungika.

Kuna mahali ilitokea hivyo. Huko Marekani kwenyewe, Sandra Black na Elizabeth Brainerd walikuta kwamba katika viwanda vilivyokuwa na ushindani mdogo, kuongezeka kwa bidhaa za nje kulisaidia kupunguza pengo kati ya wanawake na wanaume. Nchini Meksiko, baada ya mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini kuanza mwaka 1994, viwanda vilivyonufaika na soko la nje vilinunua mashine za kisasa zisizohitaji misuli. Ajira na mishahara ya wanawake wa kazi za mikono ikapanda ikilinganishwa na ya wanaume.

Lakini nenda Asia na utakuta kinyume. Günseli Berik, Yana Rodgers na Joseph Zveglich walichunguza Taiwani na Korea Kusini, wakakuta kwamba ushindani wa biashara ya nje uliendana na kupanuka kwa pengo ambalo elimu na uzoefu haviwezi kulieleza. India nayo ilionyesha mwelekeo huo katika viwanda vilivyokuwa vimezoea kulindwa. Mwenye kiwanda aliyebanwa na bei alitafuta pa kupunguzia gharama, akapunguza kwa wale wasio na chama, wasio na kazi nyingine ya kukimbilia, na wanaoweza kubadilishwa kesho asubuhi. Mara nyingi hao walikuwa wanawake.

Ushindani humsukuma mwajiri atafute nafuu. Kama nafuu hiyo ataipata kwa kuacha ubaguzi au kwa kuushikilia, hilo linategemea nguvu aliyonayo mfanyakazi.

5. "Wanawake wana vidole vyepesi kwa asili, ndiyo maana viwanda huwataka."

Uamuzi: SI KWELI.

Hili utalisikia hata kwa watu wenye nia njema, tena wakidhani wanasifu. Hebu pita sokoni, Kariakoo au Marikiti, utazame barazani. Nani amekaa kwenye cherehani akipunguza suruali na kushona sare za shule? Mara nyingi ni fundi mwanamume. Kama vidole vya kushona vingekuwa zawadi ya maumbile kwa wanawake, mafundi hao wangetoka wapi?

Mwaka 1981 Diane Elson na Ruth Pearson waliandika makala mashuhuri juu ya dai hili. Walionyesha kwamba wepesi wa mikono wa wasichana wa kiwandani ni ujuzi wa kufundishwa. Mama, shangazi na bibi waliwafundisha nyumbani kwa miaka mingi kushona, kufuma na kudarizi. Kwa kuwa mafunzo hayo hayana cheti wala ada, mwajiri huyaita maumbile, na maumbile hayalipiwi. Hapo ndipo dai hili linapokula mshahara: ujuzi ukiitwa asili, haupandi daraja.

Ushahidi mwingine ni kinachofuata viwanda vikipata mashine ghali zaidi. Sheba Tejani na William Milberg walichunguza nchi nyingi na kuona kwamba uzalishaji ukipanda thamani, sehemu ya wanawake katika ajira mara nyingi hushuka. Bangladesh iliwahi kuwa na wanawake karibu 80 katika kila washonaji 100. Leo ni kati ya nusu na theluthi mbili. Mashine za kisasa za kufuma sweta zilipoingia, waliofundishwa kuziendesha wengi walikuwa wanaume. Vidole havikubadilika. Kilichobadilika ni malipo ya kazi yenyewe na nani anapewa mafunzo.

6. "Mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu na ajira za akina dada."

Uamuzi: NUSU KWELI.

Mlio na umri mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza ilikuwa na Mwatex, Eldoret na Kisumu ziliajiri maelfu. Ushuru mkubwa na vibali vya kuagiza vilivilinda viwanda hivyo. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 milango ikafunguliwa, marobota ya nguo kuukuu yakamiminika, na kiwanda baada ya kiwanda kikasimama.

Lawama ina msingi. Mchumi Garth Frazer alikadiria kwamba uingizaji wa nguo kuukuu unaeleza takriban asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo barani Afrika kati ya 1981 na 2000, na karibu nusu ya kushuka kwa ajira. Wazee waliolalamika hawakuwa wakiota.

Lakini hesabu hiyo hiyo inasema kwamba zaidi ya nusu ya anguko la uzalishaji lina sababu nyingine: mitambo iliyochakaa bila vipuri, umeme wa kukatikakatika, madeni, usimamizi mbovu, na nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia. Tena mitumba yenyewe imekuwa riziki ya wanawake wengi sana wanaouza kwenye masoko ya Gikomba, Karume na Owino na kwenye minada ya vijijini. Ukiipiga marufuku bila maandalizi, unamnyang'anya mama mmoja kipato kwa ahadi ya kumpa mwingine.

Rwanda ilijaribu. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda, zilizokuwa zimekubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, zilirudi nyuma. Kufungua milango kulifanyika kwa haraka, na kuifunga tena kumekuwa kugumu kuliko wengi walivyodhani.

7. "Ukidai nyongeza, mwekezaji atafungasha virago kesho."

Uamuzi: SI KWELI kwa sehemu kubwa.

Hili ndilo tishio linalowanyamazisha watu wengi kuliko mengine yote, kwa hiyo tulipime kwa makini.

Nchini Indonesia, miaka ya 1990, wanaharakati waliziandama kampuni kubwa za viatu na mavazi ya michezo kwa sababu ya mishahara duni. Ann Harrison na Jason Scorse walifuatilia kilichotokea katika viwanda vilivyolengwa. Mishahara halisi ilipanda sana. Faida ya wenye viwanda ilipungua, na baadhi ya viwanda vidogo vilifungwa. Lakini kwa jumla hawakukuta kwamba ajira zilipungua kwa kiasi cha maana.

Kambodia ilikuwa na kima cha chini cha dola 61 kwa mwezi mwanzoni mwa 2013. Mwaka 2023 kilifika dola 200. Viwanda havikuhama nchi. Bangladesh ilipandisha kima chake kwa zaidi ya nusu mwishoni mwa 2013, na mauzo yake ya nguo, yaliyokuwa kama dola bilioni 21 na nusu mwaka wa fedha 2012/13, yalipita bilioni 30 miaka 5 baadaye.

Linawezekanaje? Tazama bei ya dukani Ulaya au Marekani. Mashirika ya kutetea washonaji yamekadiria kwamba ujira wa mshonaji ni kati ya asilimia 1 na 3 ya bei ya nguo. Iliyobaki ni kitambaa, usafiri, kodi, pango la duka, matangazo na faida. Fulana ya dola 20 ikibeba senti 40 za ujira, nyongeza ya robo ya mshahara ni senti 10.

Wanaotishia wana hoja moja tu ya kuheshimiwa: mwekezaji wa nguo kweli huhama upesi, kwa sababu cherehani hubebeka. Lakini chunguza nini hasa kimemhamisha hapa Afrika. Lesotho ilipoteza maelfu ya kazi mwaka 2005 migao ya dunia ilipofutwa na China ikapata uwanja mpana. Ethiopia iliondolewa katika AGOA tarehe 1 Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray, na hata kabla ya siku hiyo kampuni kubwa ilikuwa imekwisha kutangaza kuondoka Hawassa. Nchi iliyokuwa na mshahara wa chini kuliko zote haikuokolewa na unyonge wa mshahara huo.

8. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Uamuzi: KWELI.

Wahenga hawakuijua AGOA, lakini walitupa onyo linaloitosha. Upendeleo wa ushuru hutolewa na sheria ya nchi nyingine, na mwenye kuutoa anaweza kuuondoa. AGOA ilipangwa kwisha 2008, ikaongezwa hadi 2015, kisha hadi 2025. Mwaka 2012 kifungu kinachoruhusu kushona kwa kitambaa kutoka nchi yoyote kilikaribia kwisha kabla Bunge la Marekani halijakiongeza mwezi Agosti. Wanunuzi hawakungoja: oda zilipungua na viwanda vikapunguza watu. Tarehe 30 Septemba 2025 muda wa sheria nzima ulifika mwisho bila kuongezwa kwa wakati.

Lesotho imeonja uchungu kuliko wote. Mwezi Aprili 2025 serikali ya Marekani iliitangazia ushuru wa asilimia 50, kisha ikaupunguza hadi 15 mwezi Agosti. Katikati ya mahangaiko hayo, mwezi Julai, Lesotho ilitangaza hali ya janga la kitaifa kwa sababu ya ukosefu wa ajira.

Yote haya huingia kwenye mfuko wa mshonaji. Kiwanda kisichojua kama kitakuwa na oda miezi sita ijayo humwajiri kwa mkataba mfupi. Mwenye mkataba mfupi hapandi daraja, huogopa kujiunga na chama, na akipata mimba mkataba hauongezwi. Mashaka ya soko hugeuka mshahara mdogo.

Mbacha wetu uko wapi? Uko kwenye soko la nyumbani na la majirani, na kwenye pamba yetu. Tanzania huuza nje sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa ghafi, huku viwanda vya Dar es Salaam na Morogoro vinavyoshona kwa ajili ya Marekani vikitegemea sana vitambaa vya kuagiza. Hakuna anayesema tuache soko la nje. Methali inasema tusilitupe la kwetu kwa sababu yake.

9. "Umoja ni nguvu."

Uamuzi: KWELI.

Mwaka 1999 Marekani na Kambodia zilitia saini mkataba wa nguo wenye sharti jipya: viwanda vikiheshimu haki za wafanyakazi, mgao wa mauzo utaongezwa. Shirika la Kazi Duniani likapewa kazi ya kukagua. Biashara ilifunguliwa, na haki ikafungwa kwenye mkataba huo huo. Hali ya kazi viwandani iliboreka, na mpango wa ukaguzi uliendelea hata baada ya migao kufutwa.

Nchini Kenya, mwezi Januari 2003, maelfu ya wafanyakazi wa EPZ, wengi wao wanawake, waligoma kwa sababu ya mishahara, saa za ziada zisizolipwa na manyanyaso. Migomo ilikuwa na machungu yake, na wapo waliofukuzwa. Lakini baada yake chama cha wafanyakazi kilipata mlango katika viwanda ambavyo hapo awali havikutaka hata kukisikia.

Huko Lesotho, mwaka 2019, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake vilitia saini makubaliano na mwenye viwanda mkubwa na kampuni za Marekani zilizokuwa zikinunua suruali zake za jinzi. Yalihusu unyanyasaji wa kingono: wasimamizi walikuwa wakidai ngono ili kumpa mwanamke mkataba au kumbakisha kazini. Makubaliano yaliunda chombo huru cha kupokea malalamiko, na kampuni zikaahidi kupunguza oda kiwanda kikikiuka. Hilo nalo ni suala la mshahara. Mwanamke anayelazimishwa kulipia kazi yake kwa mwili wake ameibiwa.

Wala si jambo la Afrika na Asia peke yake. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Sheria za usalama na nguvu za vyama vya washonaji wa jiji hilo zilikua kutokana na msiba huo na migomo iliyoutangulia. Hata katika nchi tajiri, mshonaji hakupewa heshima yake na soko. Aliidai.

Basi tushike lipi?

Soko huria huleta kazi, na kazi hizo zina thamani kubwa kwa wanawake. Soko huria peke yake halileti mshahara wa haki. Panapokuwa na kima cha chini kinachopitiwa mara kwa mara, ukaguzi usio wa rushwa, chama imara, na masharti ya kazi yaliyoandikwa ndani ya mkataba wenyewe wa biashara, mwanamke hunufaika. Yasipokuwepo, nafuu ya ushuru humezwa na wengine kabla ya kumfikia.

Kwa hiyo, msomaji, siku nyingine ukisikia serikali yako inajadili mkataba wa biashara, uwe wa Marekani, wa Ulaya au wa Eneo Huru la Biashara la Afrika lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2021, usiishie kuuliza utaleta viwanda vingapi. Uliza mshahara umeandikwa katika kifungu gani, nani atakagua, na mshonaji atapeleka wapi malalamiko yake. Nchi za Afrika zilipitisha itifaki ya wanawake na vijana katika biashara mwezi Februari 2024. Mwandikie mbunge wako umuulize imefikia wapi kutekelezwa nchini mwako, na usimwache mpaka akujibu.